Aliyechomwa Moto Akarudi

Makoye alipewa kazi ya kufasiri sinema kwa sababu moja tu: katika kambi nzima ya mgodi, watu mia nne na ushei, ni yeye peke yake aliyewahi kumwona Mjapani. Kwamba wengi wa Wajapani aliowaona walikuwa wamekwisha kufa na kuvimba, hilo hakuna aliyemwuliza. Kijapani chake chote kilikuwa maneno matatu: la kuomba maji, la kukataa, na la tatu ambalo mateka mmoja alilirudia usiku kucha kando ya mto na ambalo Makoye hakupata kujua maana yake. Lakini mtu aliyerudi kutoka vitani Bama na medali mbili hawezi kusimama mbele ya wenzake akasema Kijapani hakijui. Miaka minane alikuwa amewaacha waamini wanavyotaka, kilabuni na kazini, na heshima ya bure nani anairudisha?

Aliyempa kazi hiyo ni Kassamali, Mhindi wa Shinyanga mwenye lori moja, mashine moja ya sinema na maneno mengi. Alizoea kuzunguka kutoka Tinde hadi Masumbwe, na kutoka Masumbwe hadi huku kwenye migodi ya Geita, akionyesha picha za Wamarekani wanaopigana ngumi juu ya farasi, ambazo hazihitaji mfasiri. Mwaka huo wa 1954 alikuja na kitu kipya. Alikuwa amenunua kwa baharia mmoja, bandarini Mombasa, makopo saba ya bati yenye picha ya Wafaransa, iliyotengenezwa kabla ya vita. Hadithi yake ilikuwa ya Japani tupu: nyumba zenye kuta za karatasi, wanawake wenye miamvuli, maofisa wenye panga ndefu viunoni. Wote humo walisema Kifaransa. Jambo hilo la mwisho Kassamali hakulitangaza sokoni. Alichotangaza, mpaka koo likamkauka, ni kwamba Jumapili saa tisa alasiri, ndani ya ghala la pamba karibu na mgodi, Wajapani wataonekana, na askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, aliyepigana nao atawafasiri.

"Lakini sijui wanasema nini," Makoye alimwambia pembeni.

"Mimi je, najua? Sikiliza. Kuna mke, kuna mume ofisa, kuna Mzungu mchoraji. Mume anakufa, mke analia, Mzungu anapanda meli. Basi. Wewe sema tu, bwana. Watu wanataka hadithi, hawataki kamusi."

Makoye akakubali. Tangazo lile lingepita kama matangazo mengine ya Kassamali, ila lilisikiwa Tinde na mama mmoja aitwaye Mbuke, Mama Mageni.

Mageni na Makoye waliandikishwa jeshini siku moja, Shinyanga, mwaka 1942. Wakapewa namba zinazofuatana, wakalala hema moja kisiwani Seloni na handaki moja Bama. Makoye alikuwa yatima, amelelewa na mjomba ambaye hakuficha kwamba anahesabu matonge. Mageni alikuwa na mama, na katika kila barua aliyomwandikia aliweka salamu za Makoye, hata mama yule akaanza kujibu, "Nawasalimu wanangu wawili." Mwezi wa tisa wa mwaka 1944, katika Bonde la Kabaw, Mageni akashikwa na homa. Ilikuwa homa ya siku tatu tu. Makoye aliachwa naye kando ya njia kuwangoja wabeba machela, na machela ilipofika, Makoye alikuwa amekwisha kumzika. Alimwarifu sajini, sajini akaandika kwenye kitabu chake, na kesho yake sajini na kitabu wakateketezwa na kombora moja. Ndiyo maana barua ya serikali iliyofika Tinde ilisema Mageni hajulikani alipo.

Vita vilipokwisha Makoye alikwenda Tinde moja kwa moja, na njia nzima alikuwa akiyapanga maneno. Ulikuwa wakati wa kupura mtama. Mbuke alikiona kile kikofia cha Keya kwa mbali, akatupa ungo, akaja mbio huku makapi yamemjaa mabegani, na kabla ya salamu akauliza, "Mageni yuko nyuma yako?"

"Hapana, mayu, mama yangu," Makoye akasema. "Alitekwa. Wajapani walimteka."

Alikusudia uongo ule ulale siku moja tu: mama apumzike, ale, kisha asubuhi aambiwe. Asubuhi akakuta mbuzi amechinjwa kwa furaha ya kwamba mwana yu hai. Nyama ikaliwa, na Makoye akaila. Ukishakula mbuzi wa furaha ya mtu, kumwambia kwamba hakuna cha kufurahia kunataka moyo ambao Makoye hakuwa nao, na mimi simlaumu sana, ila kidogo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Makoye ilikwenda miaka minane na mwisho wake ulikuwa hauonekani. Kila likizo alikwenda Tinde kama mtu aendaye kwao, akatengewa maziwa ya mgando na viazi vikavu vya michembe, akaitwa ng'wanone, mwanangu. Na kila likizo aliulizwa ni lini Wajapani wataachia watu wa watu. Alijibu kwamba nchi yao iko mbali.

Aliyeumia zaidi alikuwa Limi, mke wa Mageni. Aliolewa ana miaka kumi na minane, akakaa na mume miezi minne, na sasa alikuwa na thelathini. Hakuwa mjane, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumwoa. Wala hakuwa na mume, kwa hiyo hakuna aliyemlimia. Alilima mwenyewe, shamba lake na la mama mkwe. Ignas, seremala mtulivu wa pale Tinde, alikwisha kutuma mshenga mara mbili, na mara zote mbili Mbuke alimtengea mshenga kigoda, akampa maji ya kunywa, akamwambia kwamba mwenye mke yuko safarini.

Jumamosi, siku moja kabla ya sinema, Mbuke na Limi wakashuka kwenye lori mbele ya kambi ya mgodi, wamejaa vumbi mpaka kope.

"Shikamoo, mayu," Makoye akasema.

"Marahaba, ng'wanone. Umekonda. Hawa watu wa mgodi hawakupi kula?" Mbuke akaweka mzigo wake chini. "Nimekuja kumtafuta ndugu yako."

"Wapi, mayu?"

"Si kesho mnaionyesha Japani? Basi na yeye yuko huko huko."

Mtu akicheka hapa atakuwa amecheka kabla ya kusikia. Wakati wa vita gari la sinema la serikali lilifika Shinyanga na picha za askari wa Keya walioko Seloni, na Mwanaima, jirani yake Mbuke, alikwenda kutazama akamwona mwanawe kwa macho yake, amejipaka sabuni usoni, ananawa kwenye karai. Alimwita kwa jina mbele za watu. Miaka mitatu baadaye mtoto yule akarudi mzima na akakiri kwamba ndiyo, kulikuwa na Mzungu aliyempiga picha ananawa. Tangu hapo Tinde nzima ilijua kwamba sinema ni dirisha: ikionyesha mahali, inaonyesha na waliopo mahali hapo. Makoye angeweza kumwambia Mbuke kwamba picha hii ilipigwa zamani, Mageni bado akichunga ndama. Hakumwambia, na sababu yake aliipata kwa Limi saa ile ile, kwenye bomba la maji la kambi.

"Shemeji," Limi akasema, akitega ndoo. "Mama ametoa neno mbele ya Mwanaima na mbele ya ndugu zake. Kesho akimwona Mageni, au akiona dalili yoyote kwamba watu wa kule hurudi, mimi nakaa, nisiulize tena. Asipoona kitu, ananifungua, niolewe."

"Ametoa neno kweli?"

"Ameapa. Unamjua mama, neno lake halina mlango wa nyuma." Ndoo ikajaa, ikamwagika, naye hakuiondoa. "Wewe ulikuwa naye kule. Huna la kuniambia?"

Makoye alilitazama lile bomba. Alikuwa anapiga hesabu, na ilimjia nyepesi kuliko alivyotazamia. Mageni hawezi kuonekana kwenye picha ya Wafaransa. Mbuke atatazama mpaka mwisho, hataona kitu, atamfungua Limi, na yeye Makoye hatalazimika kufungua kinywa. Sinema itamsemea.

"Tungoje kesho, shemeji," akasema.

Limi akamtazama kama mtu anayetazama mtungi anaoshuku una ufa. Kisha akajitwika ndoo yake akaondoka.

Makoye aliwapa wageni chumba chake, yeye akalala kwa jirani, na alilala fofofo. Niseme ukweli: alikuwa na furaha. Mtu mwoga akiona jambo lake linataka kujimaliza lenyewe hufurahi kuliko shujaa aliyelimaliza.

Ghala la pamba lilikuwa tupu, msimu haujaanza, na lilinuka mafuta ya mbegu. Walifunga milango, wakaziba madirisha kwa magunia, wakatundika shuka jeupe ukutani. Watu walijaa mpaka juu ya mizani ya kupimia pamba. Kassamali alipanga makopo yake saba kando ya mashine. Namba zake za chaki zilikuwa zimeoshwa na mvua iliyowakuta Masumbwe, akaziandika upya kwa kukumbuka. Kumbukumbu ya Kassamali ilikuwa kali sana kwa nyuso za wateja. Kwa makopo ya bati sijui.

Makoye alisimama kando ya shuka, amevaa medali zake, ameshika bomba la bati la kusemea. Mbuke na Limi walikalia gunia mbele kabisa. Karibu nao alikaa Cornel, karani wa mgodi, ambaye alikaa seminari miaka mitatu kwa Mapadri Weupe kabla ya kugundua kwamba hapendi kuamka mapema. Jenereta ikanguruma nje, taa ikawaka, na Japani ikaonekana.

Ilikuwa na mlima, ziwa, na daraja la mbao. Mwanamke akavuka daraja kwa hatua fupi fupi, akamwinamia mzee, akasema maneno mengi.

"Anamwamkia baba yake," Makoye akasema ndani ya bomba, kwa Kisukuma kisha kwa Kiswahili. "Anasema, umeamkaje, baba, na mifugo imeamkaje."

"Hicho ni Kifaransa!" Cornel akapaza sauti. "Mimi nakijua, mapadri walikuwa wakigombana kwa lugha hiyo!"

Kassamali akakohoa gizani. Makoye hakubabaika. "Bwana karani," akasema kwa bomba, "wakubwa wa Japani husema Kifaransa, kama wewe unavyotusemesha Kiingereza ukitaka kututisha."

Ghala likaangua kicheko, na Cornel akanyamaza, maana kicheko cha watu mia tatu hakijibiwi. Baada ya hapo kazi ikaenda. Makoye aliona mara moja kwamba wale si Wajapani. Yule mwanamke alikuwa Mzungu aliyevutwa macho kwa wanja, na baba yake alikuwa Mzungu mwenye ndevu za kubandika ambazo upande mmoja zilikuwa zinataka kuondoka. Haikumsumbua. Alimpa mwanamke yule shamba la mpunga na shangazi mgomvi. Mzungu mchoraji alipoingia na kofia yake ya majani akamfanya bwana shamba aliyetumwa kukagua viwavi. Watu walimwelewa wote, wakawa wanamjibu.

Mbuke hakucheka. Makoye alimchungulia mara kwa mara, akaona kwamba hakuwa akiwatazama wenye hadithi hata kidogo. Alitazama nyuma yao: wapita njia, wabeba mizigo darajani, mtu aliyekuwa akivuta kigari, watu wa mbali ambao hawana hata sura. Kila alipopita mtu wa namna hiyo, shingo yake ilimfuata mpaka pembeni mwa shuka. Lakini kopo la kwanza likaisha, la pili likaisha, na hakusimama, hakuita jina. Makoye akazidi kuchangamka.

Katika kopo lililofuata akaingia mume, yule ofisa, na Makoye akakosa neno. Huyu alikuwa Mjapani wa kweli. Sijui Wafaransa walimpata wapi, pengine kwao Paris, lakini hakupakwa wanja. Alikuwa na shavu lile, na namna ile ya kukaza taya, ya mateka wa kando ya mto.

"Sema, bwana!" Kassamali akanong'ona.

"Huyu ni mume wake," Makoye akasema. "Anaumwa."

Ofisa alikuwa kweli anaumwa, amelala juu ya mkeka, jasho linamtoka. Mke alimfuta uso kwa kitambaa. Alikaa hivyo, anamfuta na kukamua kitambaa, anamfuta na kukamua, na hakuna aliyesema kitu, si Kifaransa wala lugha nyingine. Makoye naye hakusema kitu. Hakuwa na la kuongeza, kwa sababu kazi ile ya kufuta na kukamua aliijua. Kisha ofisa akafa. Wakamvika nguo nyeupe, wakampeleka mahali penye miti mirefu, wakamweka juu ya kuni, wakawasha moto.

"Wanamchoma!" mtu akapiga kelele. Watu wakasimama. Mama mmoja akafunika macho ya mwanawe. "Wanamchoma mtu kama mahindi!"

"Ndivyo wanavyozika," Makoye akasema, na hili alilisema kweli, maana alikwisha kuuona moshi wake. "Ni desturi yao. Wanamchoma, wanabaki na majivu."

Kopo likaisha. Gizani watu walikuwa wakibishana kama roho ya aliyechomwa inaweza kupata njia. Kassamali akafungua kopo jingine, akalivisha mashine, na taa ikawaka tena.

Ofisa akaingia mlangoni. Alikuwa mzima, ana mwili, amevaa kofia yake ya kijeshi. Akavua viatu kizingitini kwa utulivu, akaviweka sambamba. Mke akaja mbio kwa hatua zake fupi fupi, akamwinamia mpaka chini, kisha akaanza kumwandalia chai.

Ghala likalipuka. Watu walipiga makofi, walipiga magoti, walirukiana. Mzee mmoja Mzinza akasema aliwahi kusikia kwamba dawa za Wajapani si mchezo. Na mbele kabisa, kutoka kwenye gunia, Mbuke akasimama na kupiga kigelegele kirefu, kigelegele cha mwanamke aliyepata mjukuu.

"Mmeona!" akasema, akiwageukia watu, machozi yanamtiririka. "Mmeona wenyewe! Huyu wamemchoma moto, amebaki majivu, na amerudi kunywa chai kwake. Mageni wangu aliyetekwa tu, atashindwaje kurudi?" Akamshika Limi bega. "Umeona, mwanangu? Utakaa. Utakaa umngoje mumeo."

"Mikanda imechanganywa!" Cornel alikuwa akipiga kelele. "Huu ni wa mwanzo, hajafa bado!" Hakuna aliyemsikiliza. Mtu aliyechekwa mara moja na ghala zima haaminiwi tena siku hiyo.

"Sema amerudi," Kassamali alimwambia Makoye, akitabasamu. "Bwana, sema amerudi! Tazama walivyofurahi!"

Makoye alimtazama Limi. Limi hakuwa analia. Alikuwa amekaa na mkono wa mama mkwe begani, anamtazama yeye Makoye, na usoni mwake hamkuwa na ombi lolote. Alikwisha kuomba jana kwenye bomba la maji. Sasa alikuwa akitazama tu jinsi maisha yake yatakavyofungwa na kopo la bati, mbele ya watu wanaopiga makofi, na mfasiri amesimama na medali zake.

Makoye akaliinua bomba mdomoni. Alikuwa amelizoea kwa saa nzima, na katika kufadhaika hakukumbuka kwamba jambo analotaka kusema ni la watu wawili.

"Hajarudi," akasema, na sauti ikafika mpaka kwenye mizani. "Mayu, kaa chini. Huyo hajarudi. Mhindi amekosea makopo, hii ni ya zamani, kabla hajaugua. Aliyechomwa amechomwa." Watu wakaanza kunung'unika. "Na Mageni hakutekwa. Nilikudanganya. Mageni alikufa Bama, kwa homa, mwezi wa tisa, mwaka ule wa kabla vita havijaisha. Nilimzika mimi, kwa mikono yangu."

Kwenye shuka ofisa alikuwa akipuliza chai yake ipoe.

Mbuke alibaki amesimama. Alipozungumza, sauti ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayeuliza habari za shambani.

"Ulimlaza ubavu gani?"

"Wa kulia, mayu."

"Ulimfunika nini?"

"Blanketi langu. Lake lilikuwa limelowa."

"Kichwa kilielekea wapi?"

Hapo Makoye angeweza kusema mashariki, kama desturi ya kwao, na mama angeshukuru. Akashusha bomba. "Sijui, mayu. Mvua ilinyesha siku kumi na moja. Jua hatukuliona, sikujua mashariki iko wapi."

Mbuke akatikisa kichwa taratibu, kama aliyepewa kipimo pungufu na anajua hapatakuwa na nyongeza. Kisha akakaa chini, akaweka mikono kichwani, na kilio alichokitoa kikawafanya wanaume waliokuwa juu ya mizani wateremke. Limi naye akaanza. Kassamali akazima mashine, bila kuambiwa, na watu wakafungua milango, jua la alasiri likaingia ndani ya ghala na kukuta watu wamevua kofia.

Matanga yalikaa pale pale kambini, kwenye chumba cha Makoye, kwa kuwa ndipo wageni walipofikia. Watu wa Tinde waliokuwa mgodini walileta unga, wengine kuni. Wanawake walilala ndani, wanaume nje penye moto. Makoye alichota maji, alipasua kuni, aliwapokea waliokuja kuhani, na kila aliyekuja alimpa mkono bila kumtazama machoni. Mbuke hakumtukana. Hakumsemesha pia. Chakula alichomletea alikila, na hilo lilimpa Makoye tumaini ambalo hakuna aliyemwahidi. Limi alimwambia neno moja tu, alipompokonya ndoo mlangoni: "Lete." Hakumshukuru, na mimi sioni angeshukuru nini, aliyekushika koo miaka minane akikuachia humwambii asante.

Siku ya nne, alfajiri, ikawa siku ya kunyoa ndugu wa marehemu. Bibi mmoja wa Kisumbwa aliyekuwa na mkono mwepesi aliketi kwenye kigoda mbele ya mlango, na Makoye akaleta wembe mpya, sabuni na maji ya moto ndani ya beseni. Akaanza Mbuke. Nywele zake za mvi zilianguka kidogo kidogo juu ya kanga, na kichwa kilichobaki kilikuwa kidogo kuliko Makoye alivyofikiri. Akafuata Limi. Alinyolewa akiwa amefumba macho, na alipomaliza akajipapasa shingo, akainuka, akasimama wima, kwa mara ya kwanza mjane, yaani kwa mara ya kwanza mtu ambaye siku moja angeweza kuwa mke. Wakafuata watu wa Tinde, wanaume wanne wa ukoo wa mbali.

Makoye alingoja wamalize. Kisha akavua kofia, akaja, akaketi chini mbele ya yule bibi, akainamisha kichwa. Hakuna aliyeona ajabu. Namba zao zilifuatana, walilala hema moja, na mama mwenyewe aliandika kwa barua kwamba ana wana wawili. Bibi akalowesha mkono, akamshika utosi.

"Huyo mwache," Mbuke akasema.

Mkono wa bibi ukasita.

"Inuka, Makoye," Mbuke akasema, na ilikuwa mara ya kwanza katika miaka yote ile kumwita kwa jina lake. "Sisi ndio tunaoanza kumlilia leo. Wewe ulimlilia zamani, peke yako, ukamaliza, ukaja kwangu kula. Huna matanga hapa."

Makoye akainuka. Maji aliyopakwa utosini yalimtiririka mpaka kwenye kola, na hakuyafuta. Alilichukua beseni, akaenda kulimwaga nyuma ya nyumba, akalisuuza, akalirudisha mahali pake. King'ora cha mgodi kikalia. Wanaume wa Tinde wakatangulia njiani na vichwa vyao vinavyong'aa, na yeye akawafuata nyuma, akaenda kazini na nywele zake.